GEMU ZA KUSAKA VITU VILIVYOFICHWA: UTAJUAJE HII NZURI, HII CHANGA LA MACHO?

Mvua ya huku kwetu mnaijua wenyewe, ikianza haikuulizi una ratiba gani. Na mvua ikipiga hivi vijana tunakuwa na mambo mawili tu, kulala au kwenda kafe. Na tukifika kafe, nusu yetu tunaangalia mpira, nusu iliyobaki wameinama kwenye kioo wanatafuta ufunguo uliofichwa kwenye lundo la takataka. Hao waliobaki ndio naongea nao leo.

Naongelea zile gemu za kusaka vitu. Unaonyeshwa chumba kimejaa vitu hovyo hovyo, chini kuna orodha ya majina, kazi yako uvione na uvibofye kimoja kimoja. Katikati kuna hadithi, mara mtu kapotea, mara jumba lina mzimu, na kuna mafumbo ya kufungua milango. Wadau kadhaa wameniuliza, mbona nyingine ukianza hutaki kunyanyuka, na nyingine dakika kumi tu kichwa kinauma? Jibu lipo, na sio la kubahatisha. Gemu hizi zina vipimo vyake kama mchele ulivyo na vipimo vyake. Mtu wa Kyela huwezi kumuuzia mchele wa kuchanganya ukamwambia ni wetu, anaunusa tu anakurudishia. Basi na gemu tujifunze kunusa.

KWANINI NINAANDIKA HII

Niseme ukweli, mimi mwenyewe hizi gemu zilinitokea puani. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa na flashi moja tu, ndani yake kuna vyeti vyangu nilivyoskani na barua ya kuomba nafasi ya chuo. Mama aliuza debe mbili za mpunga nipate nauli na hela ya kuchapisha zile karatasi. Siku moja kabla ya tarehe ya mwisho nikaingia kafe, nikachapisha kurasa mbili, hela ikabaki ya nusu saa. Nikasema ngoja nishushe gemu, nilikuwa nimeiona sehemu imeandikwa "full version" bure kabisa. Nikaishusha, nikaiweka kwenye flashi, nikaifungua.

Gemu haikufunguka. Kilichofunguka nakijua mimi. Mafaili yote kwenye flashi yakageuka njia za mkato, ukibofya cheti kinakuja kioo cheusi kinapotea. Dada wa kafe aliniangalia akasema, "Dogo, hivi wewe ulikuwa unalisaka gemu, au gemu lilikuwa linakusaka wewe?" Sikuwa na jibu. Cheti cha kuskani upya kilikuwa nyumbani, nyumbani ni mbali, mvua inanyesha, basi la mwisho limeondoka. Ile nafasi ikapita hivyo hivyo. Mama hakunigombeza, na hiyo ndio iliniuma zaidi.

Kwa hiyo mtu akikwambia gemu ni mambo ya kitoto, mwambie muda ni hela, umeme ni hela, na flashi yako ni maisha yako. Kujua kuchagua gemu ni kujua kulinda vyote vitatu.

ZILITOKA WAPI

Kwa kifupi tu. Kabla ya kompyuta kulikuwa na vitabu vya picha. Mwaka 1987 Mwingereza Martin Handford alitoa kitabu cha kumtafuta Wally, yule jamaa wa fulana ya mistari anayejificha kwenye umati. Mwaka 1992 kule Marekani wakatoka I Spy wa Jean Marzollo na mpiga picha Walter Wick, hao walipanga vitu halisi mezani wakavipiga picha, wewe unasaka. Upande wa kompyuta, mwaka 1993 ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, walitoa Myst, unatembea kwenye kisiwa kitupu unafungua mafumbo, hakuna kupigana wala kukimbizwa.

Mwaka 2005 kampuni ya Big Fish Games ya Seattle ikatoa Mystery Case Files: Huntsville. Hapo ndipo aina hii ya gemu ilipopata umaarufu mkubwa. Huntsville ilikuwa kusaka tu kwa kukimbizana na saa. Mwaka 2006 ikaja Ravenhearst, hapo ukawa unakusanya kurasa za shajara ya mwanamke na unataka kujua yaliyompata. Mwaka 2008 Return to Ravenhearst ikakuruhusu kutembea ndani ya jumba lenyewe, chumba hadi chumba, unaokota kitu hapa unakitumia kule. Yaani kusaka vitu kukaoana na ile safari ya Myst. Tangu hapo wengi wamefuata, mfano Wapolandi wa Artifex Mundi na Enigmatis yao ya mwaka 2011.

Sasa twende kwenye vipimo.

1. KITU KIMEFICHWA AU KIMEIBIWA?

Hiki ndicho kipimo namba moja. Waliowahi kwenda soko la vyungu pale Lyulilo, Matema, wanajua Wakisi wanavyopanga vyungu vyao. Mamia, rangi moja, vikubwa kwa vidogo. Sasa nikikwambia humo kuna chungu kimoja chenye mdomo uliovunjika, kitafute, huo ni ufichaji wa haki. Kipo wazi mbele yako, kimejificha kwa kufanana na wenzake. Ukikiona utacheka mwenyewe, "kumbe kilikuwa hapa hapa!"

Gemu mbovu haifanyi hivyo. Inachukua chungu, inakifanya kiwe na ukungu mpaka kinakaribia kutoonekana, halafu inakibandika angani juu ya milima ya Livingstone. Au inakipunguza kinakuwa kidogo kama punje ya mchele. Au kinafichwa nyuma ya pazia kinabaki ncha tu. Ukikikosa sio kwamba macho yako mabovu, umeibiwa.

Angalia mambo matatu. Mwanga: kama taa iko kushoto, kivuli cha kila kitu kiende kulia. Kitu chenye kivuli tofauti kimebandikwa kivivu. Ukubwa: tembo asiwe mdogo kuliko kikombe, labda kama ni sanamu ya tembo. Mahali: nyundo kwenye karakana ina maana, samaki aliyening'inia dirishani kwenye maktaba hana maana. Gemu nzuri kila kitu kina sababu ya kuwepo pale kilipo. Kipimo cha haraka ni hiki, ukikiona kitu baada ya kuhangaika, unafurahi au unakasirika? Ukifurahi mara nyingi, mchoraji alifanya kazi yake.

2. ORODHA YA MAJINA

Hapa wadau wa kwetu tusikilizane vizuri. Orodha nyingi ni za Kiingereza, na Kiingereza kina maneno yenye sura mbili. Ukiambiwa tafuta "bat", ni popo au ni kirungu cha kriketi? "Bow" ni upinde au ni utepe wa kufunga zawadi? "Nail" ni msumari au kucha? Gemu nzuri inachezea hayo maneno kwa akili, na ukikwama inakuonyesha kivuli cha kitu chenyewe. Gemu mbovu inaandika jina lisilo lake kabisa, maana mtafsiri alikuwa hajaiona hata picha.

Halafu kuna vitu ambavyo sisi hatujakulia navyo. Mimi nilikaa dakika kumi na tano natafuta "acorn". Kumbe ni mbegu ya mti wa mwaloni wa Ulaya, ningeijuaje? Angesema kakao ningeiona hata nikiwa nimefumba macho! Kwa hiyo ukikosa kitu usijione mjinga, fungua kamusi kwanza. Na hapo ndipo faida ilipo. Mdogo wangu wa darasa la sita amejua majina ya vifaa vya fundi seremala kwa Kiingereza kupitia gemu hizi hizi, vitu ambavyo darasani hajafundishwa. Tunaweka daftari pembeni, kila neno jipya linaandikwa. Ila anajifunza kama gemu ina majina sahihi. Ikiwa na majina ya uongo, anakariri uongo.

3. MSHALE NA MAUSI

Kafe zetu mausi zake mnazijua. Ukipeleka kulia inaenda juu, kitufe mpaka ukikandamize mara mbili. Sasa kuna gemu ambayo lazima ubofye katikati kabisa ya kitu, ukigusa ukingo haikubali. Unakiona kisu, unabofya, kimya. Unajua umekosea, unaenda kutafuta kwingine nusu saa, kumbe kilikuwa chenyewe. Huo ni uzembe wa aliyetengeneza.

Gemu nzuri inakubali ukingo pia, na inajua kutofautisha anayetafuta na anayebofya kila mahali kama anadonoa mahindi. Huyo wa kudonoa mshale unazungushwa kidogo kama adhabu, sawa kabisa. Lakini adhabu iwe ya sekunde chache, na isimpate mtu aliyekosea mara moja.

4. HADITHI: KWANINI NASAKA?

Kuna swali moja la kujiuliza kila ukimaliza chumba. Vile vitu nilivyovipata vimenisaidia nini? Gemu mbovu inakusakisha vitu kumi na mbili, bata, mwavuli, viatu, tarumbeta, halafu inakupa ufunguo mmoja na vile kumi na moja vinayeyuka. Sasa bata alikuwa wa nini? Gemu nzuri vitu vinaendana. Umetafuta kamba, ndoo na kapi, na kweli unaenda kuchota maji kisimani, maji yanazima moto, moto ukizimika mlango unaonekana.

Na hadithi yenyewe iwe na mtu unayemjali. Ravenhearst ilishika watu sio kwa sababu ya picha, ni kwa sababu ulitaka kujua yule mwanamke alifanywa nini. Ukiona umefika nusu ya gemu na hujui jina la unayemtafuta, hapo hakuna hadithi, kuna pambo tu.

Halafu uliza kama hadithi ina jipya. Jumba la kifahari, mtoto aliyetekwa, mchawi wa kofia ndefu, hayo tumeyachoka. Sisi hapa tumekalia hadithi ambazo wangezijua wangezililia. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen, nahodha wake Rhoades, iliivuka Nyasa ikaikuta meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Sphinxhaven, leo tunapaita Liuli. Ikaipiga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita imeanza, na hao manahodha wawili walikuwa marafiki wa kunywa pamoja! Hebu fikiria gemu inayoanzia hapo, unasaka kwenye chumba cha nahodha barua ambayo haikufika. Au Ziwa Masoko kule Rungwe, ambako wazee husimulia kwamba Wajerumani walitupa mali zao majini. Afrika Mashariki wapo waliojaribu kitu cha jirani na hiki, mwaka 2007 Wesley Kirinya wa Kenya alitoa The Adventures of Nyangi, msichana wa Kiafrika anayesaka vitu vya kale. Ile ni ya kukimbia na kuruka, sio ya orodha, lakini njia ilishafunguliwa. Wa Nyasa yuko wapi?

5. MAFUMBO NA AKILI ZA KAWAIDA

Kuna ugonjwa mmoja umeenea. Mkononi una shoka, mbele yako kuna mlango wa mbao uliooza, gemu inasema tafuta ufunguo. Kwanini nisiuvunje? Baada ya nusu saa unapata ufunguo, na lile shoka unakuja kulitumia kukatia uzi. Jamani! Gemu nzuri inafuata akili ya mtu wa kawaida. Kama shoka haliruhusiwi, ikupe sababu, labda ndani kuna mtoto amelala mlangoni.

Fumbo zuri sheria zake unazielewa kwa kuangalia, na ukilikosa unajua umekosea wapi. Fumbo baya unabofya bofya tu mpaka linakubali lenyewe, huelewi umeshindaje. Na kiwepo kitufe cha kuruka baada ya muda, maana sio kila mtu anapenda mahesabu.

Angalia pia kutembea. Gemu nyingine inakurudisha vyumba ishirini nyuma kuchukua kijiko. Hapo wanarefusha gemu kwa miguu yako. Iliyo nzuri ina ramani, unabofya unapotaka, unafika, na ramani inakuonyesha wapi bado kuna kazi.

6. MSAADA

Kitufe cha hinti kiwepo, lakini kiwe na adabu. Kikijaa kila sekunde tano, gemu inajicheza yenyewe. Kikichukua dakika tano, unalala. Kizuri kinakusogeza karibu na kitu, hakikupi moja kwa moja. Na mwanzoni uchague ugumu wako mwenyewe, wa kutulia au wa kibabe.

7. UMEME UKIKATIKA

Hii wazungu wanaoandika sifa za gemu hawaitaji kabisa, kwetu ni ya kufa na kupona. Umeme ukikatika katikati ya chumba, ukirudi unaanzia wapi? Nzuri inahifadhi kila hatua yenyewe. Mbovu inahifadhi ukimaliza sura nzima, kwa hiyo saa yako moja imeenda na umeme.

Na muulize mwenye kafe kabla hujaanza. Kafe nyingi kompyuta ikizimwa inafuta kila kitu kilichowekwa siku hiyo. Utarudi kesho na jina lako halipo. Kama ndivyo, chagua gemu fupi ya kumaliza kwa kikao kimoja, au uombe mashine isiyofutwa.

8. BEI NA MITEGO YAKE

Mtego wa kwanza ni wa sura ya mwisho. Kuna matoleo ya kawaida na matoleo maalum yenye sura ya nyongeza. Sio vibaya, ila hadithi kuu lazima iishe kwenye toleo la kawaida. Ikikuacha muuaji hajulikani, umeuziwa kitabu kilichochanwa.

Mtego wa pili uko kwenye simu. Hidden City ya mwaka 2014 na June's Journey ya mwaka 2017 ni za bure, picha zake nzuri sana, sikatai. Lakini kuna kitu wanaita nishati. Kila ukisaka inapungua, ikiisha unasubiri au unalipa. Na chumba kile kile unarudishwa tena na tena. Hapo jiulize, nasaka vitu au nasubiri? Ukicheza bila kulipa na ukawa na subira, poa. Ukianza kutoa buku buku za vocha, simama uhesabu za mwezi mzima.

Mtego wa tatu ndio ulionikamata mimi, ile ya bure kutoka sehemu isiyojulikana. Kwa kampuni za ukweli wapo wanaotoa kipande cha kujaribu bure, Big Fish kwa miaka mingi walikuwa wanakupa saa nzima. Saa moja inatosha kabisa kujua tabia ya gemu. Usifungue gemu yoyote kwenye flashi yenye vyeti vyako. Narudia, USIFUNGUE. Flashi ya gemu iwe yake, na vyeti vitume pia kwenye barua pepe yako mwenyewe, vikae huko.

DAKIKA KUMI ZA KUNUSA

Sio lazima umalize gemu ndio ujue. Fanya hivi:

- Chumba cha kwanza, hesabu vitu ulivyovipata ukafurahi na ulivyovipata ukakasirika.
- Bofya ukingo wa kitu badala ya katikati, uone kama inakubali.
- Soma orodha, tafuta jina moja lisilolingana na picha. Ukipata mawili, ondoka.
- Toka halafu ingia tena, uone umerudishwa wapi.
- Jiulize unamtafuta nani na kwanini. Kama huna jibu, na gemu haina.

Ukisoma maoni ya waliocheza, usiangalie nyota, angalia wanalalamikia nini. Mtu akisema "ni ngumu", hiyo inaweza kuwa sifa. Watu kumi wakisema "kitu kipo lakini hakibofyeki", hiyo ni kasoro.

NAMALIZIA

Ile chuo niliikosa mwaka ule, nikaomba tena mwaka uliofuata, safari hii karatasi zikiwa sehemu tatu tofauti. Majibu yakija nitawaambia. Mama bado anaamini gemu ndio ilinipotezea mwaka. Nimejaribu kumweleza kwamba ni virusi, akasema, "Mwanangu, aliyefungua mlango ni nani?" Nikanyamaza, maana anasema kweli.

Kwa hiyo sakeni vitu, wadau, ila msisakwe. Kama una gemu unayoiona nzuri au iliyokuchemsha, tupia hapo chini kwenye maoni, taja jina na mwaka wake, na useme imefaulu kipimo gani na imefeli kipi. Na kama kuna fundi wa kuchora hapa Kyela au Tukuyu mwenye wazo la gemu ya Nyasa, tuonane. Hadithi ninazo, orodha ya vitu ninayo, na safari hii kwenye orodha tutaweka kakao.